Siku sosi yangu ya mishkaki ilipopakwa kwenye kitanda cha bibi harusi, Keko

Wakuu, salaam kwenu wote, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Kuna uzi humu jana watu walikuwa wanabishana sosi ya nyama choma inatengenezwaje nyumbani, mmoja anasema ketchup na asali, mwingine anasema soda. Nikasoma nikacheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia nataka kuwaandikia watu ile habari ya Keko. Akasema andika, ila andika yote.

Basi naandika yote. Sitaongeza chumvi. Sosi yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Enzi za ruksa. Kila kitu kimefunguliwa, maduka yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma ulikuwa unavisikia tu kwa watu waliosafiri. Upande wa pili, sie wa mashirika ya umma tunapunguzwa kazi kama nywele kwa kinyozi. Na mie nikapunguzwa.

Nikafungua biashara ya mishkaki pale Keko, kando ya barabara, jirani na mafundi seremala. Jiko langu lilikuwa pipa lililokatwa nusu, mishkaki naichoma kwa spoku za baiskeli, kachumbari kwenye beseni. Nyuma yangu palikuwa na nyumba, na mbele ya nyumba hiyo mie nilikuwa na jiko langu upande wa kushoto, na upande wa kulia alikuwepo Fundi Nandonde na vitanda vyake.

Niwaeleze kidogo habari za huyu Fundi Nandonde maana bila yeye hakuna uzi.

Mtu wa kusini, mtu wa Newala, mkono wake ulikuwa na baraka. Akichonga ua kwenye ubao unataka kulichuma. Lakini alikuwa amepaka vanishi miaka mingi mno, na pua yake ilishakufa zamani. Hasikii harufu ya kitu chochote. Nyama ikiungua yeye wa mwisho kujua. Siku moja paka alikufia chini ya benchi lake, sie majirani tumehama na viti vyetu, yeye anapiga randa anaimba.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Mwinchande, anakaa Mbagala. Mzee wa pwani haswa, kanzu imenyooka, maneno machache, macho makali. Sie wapangaji wa barazani kwake tulikuwa tunamwogopa. Akisema ondoka, unaondoka na jiko lako likiwa bado la moto.

Sasa tuje kwenye sosi.

Nilikuwa na mteja wangu mmoja, Side, baharia. Alirudi safari akaja kibandani na chupa. Ina maji mazito, rangi kama hudhurungi iliyoiva, na nje ina picha ya ng'ombe amevaa kofia. Akasema, "Braza, paka hii kwenye mishkaki ikiwa bado motoni, halafu uniambie."

Wakuu, nilipaka. Ule moshi ulivyopanda, watu waliokuwa wanapita ng'ambo ya barabara walisimama.

Tamu, kali, chachu, halafu ina moshi ndani yake. Vyote kwa pamoja. Sie tulikuwa tumezoea chumvi, ndimu na pilipili, basi.

Nikamuuliza inaitwaje. Akasema "babakyuu", yaani barbecue ya Wazungu. Nikarudia. Nikaiweka chupa chini ya meza nikawa naitoa kwa wateja maalumu tu, tone tone, kama dawa ya macho.

Na kati ya wateja maalumu, siku moja akaja Mzee Mwinchande kuangalia nyumba yake. Nikampa mishkaki, nikaipaka hiyo kitu. Akala. Akala mwingine.

"Hii ni nini?"

"Babakyuu, mzee."

"Huyo Baba Kyuu anakaa wapi?"

Nikataka kumweleza kwamba si mtu, nikashindwa nianzie wapi. Nikasema, "Anakaa nje ya nchi, mzee."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Binti yangu Tatu anaolewa Jumapili ya wiki ijayo. Wewe ndiye utakayechoma mishkaki ya wageni. Yote iwe ya Baba Kyuu. Na wewe Nandonde, kitanda nampa mimi mwenyewe, sitaki mwanangu asikie maneno kwa wakwe. Mninga mtupu, na maua ubao wa kichwani." Akaondoka.

Fundi akafurahi. Mie nikainama chini ya meza nikaitazama chupa. Imebaki ya kupaka mishkaki ya meza moja. Na Side alishaondoka na meli.

Hapo ndipo nilipoanza kupika sosi.

Nikaenda nyumbani na nyanya, sukari na siki. Tulikuwa tunakaa Temeke, chumba na ukumbi. Mke wangu, Mama Asha, akaniuliza kuna nini, nikamwambia natengeneza babakyuu. Akasema, "Baba Kyuu ndiye nani tena, na mbona unampikia wewe?"

Jaribio la kwanza lilitoka jamu. Jamu kabisa. Watoto wakapaka kwenye mkate wakanishukuru.

La pili niliongeza siki. Nikaongeza tena. Chungu kilipochemka, jirani yetu wa chumba cha pili akatoka nje machozi yanamtoka, anauliza nani kafariki.

La tatu nikasema tatizo ni rangi, nikaunguza sukari guru iwe nyeusi. Nikageuka kidogo kumjibu mtu mlangoni, kurudi mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria. Nauvuta, inakuja na sufuria.

Mama Asha muda wote huo alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Ila mabega yanatikisika.

Mwishowe akasema, "Baba Asha, mbona unapika kama mtu anayekoroga zege?"

Nikamwambia kama anaweza aje yeye. Nilisema kwa hasira, nakiri. Yeye wala hakukasirika. Akanawa mikono, akaniambia, "Nilambishe hiyo ya kwenye chupa."

Nikampa tone kwenye kiganja. Akalamba, akafumba macho. Halafu akafumbua.

"Uchachu huu si wa siki peke yake. Tia ukwaju. Na hiyo harufu ya moshi, kwani bibi yangu hakuwa anafukiza mchuzi?"

Wakuu, akaanza. Nyanya zikasagwa, vitunguu vikakaangwa mpaka vikawa vyekundu, thomu, tangawizi, pilipili manga, ukwaju uliolowekwa, sukari guru kidogo, siki kidogo zaidi. Ikachemka moto mdogo mpaka ikawa nzito. Akachukua kibakuli kidogo akakiweka kikielea katikati ya sosi, ndani yake akatia kaa la moto, juu ya kaa akadondosha samli. Moshi ukapanda, akafunika sufuria fasta na kitambaa pembeni.

Alipofunua, nikajua kazi imekwisha. Nilimkumbatia mbele ya watoto, kitu ambacho wanaume wa enzi zile hatukuwa tunafanyaga.

Akasema, "Haya niachie, nyama zenyewe bado hujanunua."

Sasa naomba msome taratibu hapa.

Ijumaa, siku mbili kabla ya harusi, nikaichukua ile sosi kwenda nayo Keko. Chupa za kutosha sikuwa nazo. Fundi Nandonde alikuwa na makopo makubwa ya maziwa ya unga, alikuwa akinunuaga matupu ya kuwekea vanishi zake. Alikuwa amenipa mawili mapya, nikayaosha, nikamimina sosi humo.

Kibanda changu kina jua saa za mchana. Kivuli kiko kwa fundi. Nikayaweka makopo kwenye benchi lake, pale pembeni, nikafunika na kitambaa. Nikamwambia, "Fundi, naacha makopo yangu hapa, naenda Ijumaa."

Yeye alikuwa anapiga randa. Akaitikia, "Eee." Baadaye aliniapia kwamba hakusikia neno hata moja, na mie namwamini, randa ile ilikuwa inapiga kelele kama trekta.

Nikaenda msikitini. Nikaswali. Nikaomba harusi iende salama.

Kurudi, namkuta fundi amepiga magoti kwenye mguu wa mwisho wa kitanda cha Tatu, brashi mkononi, anamalizia.

Na kitanda kinang'aa, jamani! Rangi nzito, nyekundu kwa mbali, maua ya kichwani yamekolea kama yamechanua asubuhi ile. Mie kwa mdomo wangu nikamsifu. "Fundi, leo umeua!"

Fundi hakufurahi. Akasema, "Kitanda kizuri, ila vanishi za siku hizi hovyo. Wamefungulia biashara wameleta uchafu mtupu. Nzito kama uji, haikauki, na angalia hapa." Akanionyesha ncha ya brashi. "Ina mbegu. Wewe uliona wapi vanishi ina mbegu?"

Nikaitazama ile mbegu.

Mbegu ya nyanya naijua. Wiki nzima nilikuwa nazo.

Nikageuka benchini. Kitambaa kimetupwa chini. Kopo moja tupu kabisa, limekwanguliwa. La pili limebaki robo.

Sikupiga kelele. Nilikaa tu kwenye maranda. Nikamwambia, "Fundi, hiyo ni sosi."

"Sosi gani?"

"Ya Baba Kyuu."

Akanusa brashi. Haikusaidia kitu, mnajua hali ya pua yake. Akanitazama, akakitazama kitanda. Halafu akaiweka brashi chini polepole sana kama mtu anayeweka yai.

"Ndiyo maana nzi walikuwa wananisumbua," akasema.

Na kweli nzi walishaanza kufika. Tena si nzi tu. Kwenye mguu mmoja wa kitanda sisimizi walikuwa wameshapanga mstari, wanapanda kwa nidhamu kama wanafunzi wanaingia darasani.

Tukaanza kubishana tufanyeje. Mie nasema tukioshe, yeye anasema mbao haioshwi, itavimba. Mie nasema sisimizi watamla bibi harusi. Yeye anasema kwani nani aliweka chakula kwenye benchi la vanishi? Mie nasema nani anapaka kitu bila kukiangalia? Tulifika mahali tumeshikana mashati, watu wazima wawili.

Ndipo gari likasimama. Mzee Mwinchande. Katoka Ijumaa, kaja kukagua kitanda. Na amekuja na dada yake, Bi Kidawa, shangazi wa bibi harusi. Mama mnene, mcheshi, kanga mpya inalia kwa wanga.

Tukaachiana mashati. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," mzee akasema. Macho yake yako kwenye kitanda.

Akakizunguka mara moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mie moyoni nasema Mola wangu, asikiguse tu, aridhike aende.

Akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani.

Kiganja kikaganda. Akakivuta, kikatoa sauti. Akakitazama. Akakinusa. Halafu wakuu, na hii naiona mbele ya macho yangu mpaka leo, mzee yule mwenye kanzu iliyonyooka akatoa ulimi akalamba kidole.

Hata mafundi wa jirani waliacha misumeno.

"Baba Kyuu," akasema.

Mie nikasema, "Mzee, ni bahati mbaya."

"Nyie wawili," akasema, na sauti haikupanda, ndiyo maana ilitisha, "mwanangu mnataka kumfanya mshkaki? Mnataka wakwe waseme Mwinchande kampa binti yake kitanda cha kulamba? Nandonde, kusanya vifaa vyako. Na wewe, zima jiko. Sitaki kumwona mtu barazani kwangu."

Hapo sikuwa nacheka. Nina mke, nina watoto, kazi imeshaota mbawa, na baraza lile ndilo pekee nililokuwa nalo. Fundi naye kwake kusini kulikuwa na watu wanaomtegemea. Aliokota nyundo akaanza kuitia kwenye mfuko.

Wakati huo Bi Kidawa alikuwa amechoka kusimama. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Akakaa. Alikaa wapi? Kwenye kitanda, ukingoni, pale palipopakwa vizuri kuliko pote.

Alipoona kaka yake anageuka kuondoka, naye akainuka. Mwili ukainuka. Kanga ikabaki.

Msiwe na wasiwasi, ndani alivaa gauni. Lakini kanga ile mpya ilikuwa imeganda kitandani kama imepigiliwa misumari, yeye anavuta upande huu, kitanda kinavuta upande ule. Akajishika kiuno akajitazama. Akamtazama kaka yake ambaye alisharudisha kidole kinywani.

Akaangua kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Alicheka mpaka akakaa tena palepale, maana kanga ilishaharibika, ana nini cha kupoteza? Mafundi wa barabara nzima wakapokea.

"Kaka!" akasema machozi yanamtoka. "Mbona na wewe unaendelea kulamba?"

Mzee akatoa kidole kinywani. Mdomo ukamcheza pembeni. Akajikaza, akashindwa. Hakucheka kwa sauti, ila kanzu ilitikisika.

Bi Kidawa naye akapitisha kidole kwenye ua la mninga akaonja. Uso ukabadilika, ukawa siriazi. "Nani kaipika hii?"

Nikasema, "Mke wangu, mama."

"Mkamlete huyo mwanamke. Leo hii. Anakuja na mimi Mbagala, wanawake wote wa shughuli wako kule, ukwaju upo, sufuria zipo. Na nyie mabwege wawili, hiki kitanda kesho jioni nikikute kikavu. Kaka, twende."

Mzee hakubisha. Nadhani katika nyumba ile yeye alikuwa mkali wa pili.

Basi mke wangu akachukuliwa kwa gari, mie nikabaki na ndoo.

Tulikifuta kitanda kile kwa vitambaa vya maji ya vuguvugu, tukakianika, tukakipiga msasa. Sehemu bapa zilikubali. Shughuli ilikuwa kwenye maua. Fundi alikuwa amechonga maua kama bustani, kila jani lina mfereji, na kila mfereji una sosi. Brashi haiingii. Ikabidi nichukue spoku zangu za mishkaki, mmoja huku mmoja kule, tunakwangua ua kwa ua. Fundi analaani kila ua alilochonga. "Ningejua ningechonga manne tu."

Jumamosi akapaka vanishi ya kweli. Kabla ya kupaka alinipa kopo ninuse. Akaniambia, "Kuanzia leo wewe ndiye pua yangu." Tukapeana mikono.

Kitanda kikaondoka kwa mkokoteni kimefunikwa shuka. Kizuri. Ukikaribia sana, kichwani kule kuna kaharufu kwa mbali. Tukasema kataisha.

Jumapili nikafika Mbagala na jiko langu. Mke wangu nilimkuta ameshakuwa mkubwa wa jiko, kajifunga kibwebwe, anatoa amri kwa wanawake waliomzidi umri, na wanaitikia. Sosi ilikuwa sufuria zima la harusi. Na ilikuwa bora kuliko ile ya kwenye makopo, na bora kuliko ile ya ng'ombe mwenye kofia. Naapa.

Nikaanza kuchoma. Sasa kumbe Bi Kidawa alikuwa ameshawahadithia watu wote wa shughuli. Mgeni wa kwanza akaja na sahani, mzee wa heshima zake, akainama akaninong'oneza:

"Kijana, ndiyo ile ya kitanda?"

Nikasema ndiyo.

"Niongezee."

Akaja wa pili, wa tatu, foleni ikazunguka turubai. Upande wa bwana harusi wote wakawa wanataka kuonja kitanda cha mkwe wao. Yale maneno ya wakwe aliyoyaogopa mzee, yalikuja kweli, ila yote yalikuwa ya kuomba nyongeza. Mzee Mwinchande alipita mara kadhaa karibu na jiko, sahani yake haikuwa tupu.

Baraza hatukufukuzwa.

Na jina ndiyo likashika hivyo. Ikawa hakuna tena babakyuu. Mtu anakuja kibandani Keko anasema, "Nipe mishkaki, weka kitanda." Mwingine anasema, "Mie kitanda kidogo tu, nina vidonda vya tumbo." Mpita njia asiyejua habari anabaki anashangaa watu wanakula nini. Mama Asha akawa anapika kwa wiki mara kadhaa, halafu akaanza kuitwa kwenye shughuli za watu, Temeke, Kinondoni, mpaka mie nikawa nambebea masufuria. Watu wakawa wananitambulisha kama mume wa Mama Kitanda. Jina lile, wakuu, ukilitaja mbele ya wageni wasioijua historia, linahitaji maelezo.

Bwana harusi alikuja kibandani miezi michache baada ya ndoa. Amekonda kidogo kwa kukosa usingizi. Akasema, "Braza, sikulaumu. Ila nikiweka kichwa kwenye mto tu, nasikia njaa. Mke wangu naye hivyo hivyo. Tunaamka tunakula, tunalala, tunaamka tunakula. Nifungie mishkaki ya kwenda nayo."

Akawa mteja wangu wa kila jioni mpaka walipohamia mkoani. Na kitanda walihama nacho.

Funzo langu ni dogo. Ukipika kitu kizuri, andika juu ya kopo ni nini, hata kama wewe unajua. Na kwa mafundi mliomo humu: vanishi ikiwa na mbegu, simama kwanza, uliza.

Mke wangu kasoma hapa begani kwangu, anasema nimesahau kuandika kwamba kanga ya Bi Kidawa haikutoka. Kweli haikutoka, ilibidi ikatwe na mkasi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu ameshawahi kupika kitu kikatumika kwa kazi nyingine? Na yule aliyesema jana kwamba sosi hii inatengenezwa kwa soda, njoo hapa, Mama Kitanda anakuulizia.